Uwanja Usiokanyagwa

Bi Khairiya Barka hakuwa na mlingoti hata mmoja wa raga. Hakuwa na jezi za kutosha, ndiyo maana wachezaji wake wa akiba walikaa vifua wazi hadi mwenzao atoke awavulie yake. Hakuwa na mume, maana marehemu alimtangulia mapema. Hakuwa na kaka wa kumsemea barazani, wala sauti nene ya kuwageuza wanaume shingo. Raga yenyewe hakuwahi kuicheza. Aliisoma vitabuni na kuitazama kwenye simu, kwa kuwa shule aliyofundisha ilimkabidhi somo la michezo pamoja na kapu la mipira yenye umbo la yai ambayo mwalimu mwingine hakuitaka. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na uwanja.

Ukaidi alikuwa nao. Huo aliurithi kwa baba na kwa mama.

Kwa miaka timu yake ilifanya mazoezi ufuoni, maji yakitoka. Mchanga humfaa anayeanguka, lakini huwezi kuwaalika watu wa Malindi kisha uwaambie wasubiri maji yatoke ndipo mcheze. Basi vijana wa Amu, mji wetu wa Lamu, wakawa wageni siku zote, kwenda tu bila kuendewa. Ligi iliwavumilia, kisha ikachoka. Bi Wairimu, katibu wa ligi huko Mombasa, alituma ujumbe: timu itakayofika mwisho wa mwezi bila kualika wenzake kwenye uwanja wa nyumbani, itatolewa. Alitaka barua ya mwaliko yenye muhuri wa klabu, karatasi yenyewe, si picha ya simu.

Na uwanja ulikuwepo. Wafadhili waliujenga nyuma ya mji, kwa nyasi mseto, na ubao wa langoni ulisema wazi: Uwanja wa Kandanda na Raga. Nyasi mseto ni nyasi za kweli, zinazomea na kunywa maji, lakini katikati yake mashine imeshona nyuzi za plastiki zilizozama ardhini kuliko urefu wa kiganja. Mizizi huzizonga nyuzi hizo na kushikamana nazo, hata kishindo cha raga kisiweze kuing'oa. Ndiyo sababu ya gharama yote ile: mchezo wa miguu na mchezo wa mabega ukae mahali pamoja.

Ufunguo wa lango alikuwa nao Bwana Ridhwani Bakr, mwenyekiti wa kamati, mtoto wa ami yake Bi Khairiya. Walilelewa nyumba moja, ile yenye zidaka ukutani, vijishimo vya chokaa vilivyopangwa sahani za kale ambazo hakuna aliyewahi kuzilia. Ridhwani aliutazama uwanja kwa jicho hilo hilo. Alisema utafunguliwa na mgeni mkubwa kutoka Nairobi, na mpaka mgeni huyo afike, usiguswe. Vijana wa kandanda aliwaruhusu Alhamisi tu, miguu mitupu, na wasiukimbilie mpira kwa nguvu. Hata mashine ya kukatia nyasi aliifunika turubai isipate kutu. Watu wa raga hakutaka kuwaona langoni.

Bi Khairiya alimfuata barazani baada ya swala ya alasiri. Tulikuwa wazee sita pale, na kahawa.

"Asalaam aleikum, Bwana Ridhwani."

"Waaleikum salaam, Bi Khairiya. Ukiwa umekuya kwa ule mpira wako uliofinyangika, jibu ni lile la yana."

"Nimekuja kukukumbusha ubao. Umeandika raga, na wewe unajua kusoma."

"Raga ni kulima," alisema Ridhwani, akatugeukia sisi. "Na mimi pale sikupanda mahindi."

Wazee walicheka. Bi Khairiya alingoja wamalize.

"Hata mahindi ungekuwa umepanda, yangekuwa yameoza. Lini uliangalia nyasi zako? Si kwa kusimama langoni, kwa kuinama."

"Mwanamke kunifundisha kuinama."

"Hukuinama tangu utoto, ndiyo maana kiuno chakuuma."

Hapo walicheka hata waliokuwa upande wake. Ridhwani alikunywa kahawa yake akamwambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, "Nti hini yetu ya Amu ina adabu yake, dadangu. Kitu kizuri hutunzwa. Fuata ndia yako."

Alhamisi, lango lilipofunguliwa kwa vijana wa kandanda, Bi Khairiya aliingia na timu yake nzima. Aliingia na viatu. Mimi nilikuwepo, na nakumbuka jinsi vijana wa kandanda walivyosita na miguu yao mitupu, kana kwamba ameingia msikitini navyo.

Nahodha wake, Husein, kijana mpana kama mlango, alinong'ona, "Kochi, tunacheza kweli ama tunarudishwa bichi?"

"Fungeni kamba za viatu," alisema.

Akamwita Ridhwani, aliyesimama langoni na ufunguo wake, aje aone. Bi Khairiya mwenyewe aliinama, akazitenganisha nyasi kwa vidole. Juu zilikuwa ndefu na za kijani. Chini zilikuwa za manjano, zimelaliana, zimefanya godoro. Zile nyuzi zilizopasa kusimama katikati ya majani zilikuwa zimebanwa zikalala chapa chini ya uozo.

"Huku si kutunza," alisema. "Nyasi hizi zimefanywa zikatwe, zipigwe brashi, zikanyagwe. Umezifanya sahani za kidaka."

Kisha akawapanga vijana kwa skramu, wanane huku na wanane kule, mabega kwa mabega, vichwa chini. Aliwaweka kwenye kona, si katikati, kwa heshima. Akahesabu. Wakasukumana. Meno ya viatu yalizama, mapaja yakatetemeka, na kundi zima likasogea hatua moja, likarudi, likasogea tena. Alipowaambia waachane, sote tulikwenda kutazama. Kulikuwa na majani yaliyokatika na mikwaruzo. Donge la udongo lililong'oka halikuwepo. Na pale walipokuwa wamekanyaga, nyuzi zilikuwa zimeanza kusimama.

Bwana Ridhwani aliipapasa kona ile kwa kiganja kwa muda mrefu.

"Leo hazikung'oka," alisema hatimaye. "Kesho je? Tokeni."

Niliona uso wa Bi Khairiya. Nilidhani angelia, nami nilikosea. Aliwatoa vijana wake mmoja mmoja, wa mwisho akatoka yeye.

Jumatatu alirudi barazani na bahasha, karatasi moja, gundi na muhuri wa klabu. Akaketi kwenye ukingo wa jiwe mkabala na Ridhwani, akatusomea kwa sauti.

"Kwa Bi Wairimu, katibu wa ligi. Timu ya Malindi inaalikwa Amu Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kucheza raga kwenye uwanja wetu. Wageni wetu watapokelewa gatini. Watakula na kulala kwetu. Mwenyeji wao ni mtoto wa ami yangu, Bwana Ridhwani Bakr, ambaye ukoo wake haujawahi kumrudisha mgeni mlangoni. Khairiya Barka, mwalimu."

Ridhwani aliweka kikombe chini.

"Hukuniuliza."

"Nawe hukuniuliza ulipotia kufuli."

"Waite, wale wali wao, walale. Uwanja siwapi."

"Watu thelathini wavuke maji kuja kucheza, uwape wali uwanyime uwanja? Basi simama wewe langoni siku hiyo, uwaambie kwa kinywa chako. Sitakuja kukusaidia." Akamwelekezea karatasi na kalamu. "Au lifute jina lako sasa, mbele ya wazee hawa. Niandike kwamba nyumba ya Bakr haipokei wageni."

Ridhwani aliitazama kalamu. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine alisema taratibu kwamba Malindi tuna wakwe zetu kule, na habari husafiri. Ridhwani aliunyosha mkono nusu, akaurudisha gotini.

"Mashine ya nyasi," alisema bila kumtazama mtu, "sijui kama itawaka."

"Itawaka. Husein ataisafisha kesho."

"Avue viatu kabla ya kuingia, huyo Husein."

"Hatavua."

Bi Khairiya alipiga muhuri chini ya jina lake, akaukandamiza kwa ngumi. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi na kupitisha ukucha kwenye ukingo wote, mwanzo hadi mwisho, mbele ya macho yetu. Kisha akateremka gatini mwenyewe, akampa nahodha wa boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, aifikishe kwa dereva wa basi la Mombasa, na hakuondoka mpaka boti ilipong'oa nanga.