Mistari ya Katikati

Maabara nzima ilimwita Jicho, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kukisimamisha kile kioo kidogo pembeni ya kipande cha silikoni bila kuhangaika asubuhi nzima. Ndani ya chemba isiyo na hewa, metali ya kromu ilichemshwa katika tanuru, atomu zake zikapanda kama mvuke mwembamba. Mwanga wa leza ulikatiza juu ya silikoni, ukagonga kioo na kujirudia, ukajipanga kuwa milia ya mwangaza na giza. Atomu zikasukumwa hadi kwenye giza, zikatua zikiwa mistari ambayo hakuna kalamu ingeweza kuichora.

Siku hiyo mkuu wa maabara aliwaita wote mbele ya chemba ili amtangaze kiongozi wa chumba kipya. Jicho aliitamani nafasi hiyo, na wazo la kumfikisha hapo alikuwa nalo. Alibakiza kulijaribu tu.

"Wifi yako ametuacha midomo wazi," mkuu akamwambia. "Hebu msikilize."

Dada wa mumewe, ambaye Jicho mwenyewe alimfundisha kuwasha leza, akasimama.

"Tupake kromu mara mbili. Mara ya pili tuibadili rangi ya leza kidogo, ielekee kwenye wekundu, atomu zikimbilie mwangaza badala ya giza. Mistari mipya itaangukia katikati ya ile ya kwanza, tuipate maradufu. Ni kama njegere zinazobingirikia mabondeni juu ya bati la migongo: ukiligeuza, mgongo unakuwa bonde."

Jicho akageuka kumtazama. Njegere hizo alikuwa akizimenya yeye, jikoni kwake, alipowaeleza wifi na mume wazo lile na kuwasihi wasimwambie mtu.

"Wifi," akasema taratibu, "hizo njegere ulizimenya wewe?"

"Ah, wifi, nawe! Watu wa nyumba moja huzungumza mengi. Nitajuaje lipi la nani?"

Mkuu akakunja uso. "Jicho, una shahidi kwamba wazo ni lako?"

"Ninaye. Huyo hapo, ameshika spana."

Mumewe, fundi wa pampu, akaukazia macho mshale wa kipimo, nao wala haukuwa ukitikisika. Siku ile jikoni alitaka aelezwe mara ya pili, akacheka kwa furaha na kumwita profesa wake.

"Siku hiyo tuliongea mambo mengi, mkuu," akasema. "Sikumbuki vizuri."

Mkuu akashusha pumzi. "Basi siwezi kuupindua uamuzi. Wifi yako ataongoza. Wewe utampangia kioo."

"Atajipangia. Leza nilimfundisha, kioo bado."

Akavua koti la kazi, akalitundika, akatoka. Mumewe akamfuata mbio koridoni, spana ingali mkononi.

"Mke wangu, nielewe. Yule ni damu yangu, ameachika, hana pa kushika. Wewe jina unalo tayari."

"Jina gani? Umeulizwa mbele ya watu, hukulikumbuka."

"Twende nyumbani, tukayamalize."

Jicho akamtazama kama mtu anayeulizwa njia na mgeni.

"Mngoje dada yako," akasema. "Mtarudi pamoja. Mimi nakwenda kwa mama."