Kumbukumbu za Meza ya Dirishani

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila neno lililosemwa, na nani kalisema, bila kuongeza wala kupunguza. Hakimu akikohoa, niliandika kwamba amekohoa. Shahidi akitukana, niliandika tusi lake kama lilivyotoka, na jioni nikaenda zangu nyumbani kupika.

Nilipohamia nyumba ya wazee magoti yalikuwa yameshanigomea, lakini mkono ulikuwa mzima. Nikanunua daftari, nikawa naandika mazungumzo ya mezani kwa hati mkato, ile michirizi ambayo humu ndani naijua mimi peke yangu. Sikuwa na nia mbaya. Wenzangu hufuma vitambaa, mimi naandika wanayosema wakifuma.

Meza yetu ni ile ya dirishani, ya watu watano, na mwenye meza ni Mkaguzi. Alikagua tiketi kwenye treni maisha yake yote na mpaka leo hajashuka. Ukikaa kiti usichokizoea atakuuliza unakwenda wapi na nani amekuruhusu. Anakagua nani amebakiza chakula, nani hajachana nywele, nani mwanawe mwezi wa pili huu hajaja kumwona. Ana ulimi, siwezi kumnyima haki yake. Utacheka kabla hujajua unamcheka nani. Kushoto kwake hukaa Mama Pacha, ambaye kazi yake ni kurudia neno la mwisho la Mkaguzi lisije likapotea. Kulia kwake ni Tarishi, mzee mwenye masikio mazito, ambaye hucheka wengine wakicheka ili asiachwe nyuma.

Wa tano ni Kinyozi, na yeye hukaa pembeni yangu. Alinyoa vichwa miaka arobaini na hakuwahi kumkata mtu sikio, kama anavyopenda kutukumbusha. Sasa mikono ile ile inatetemeka, na kijiko cha supu kikifika mdomoni nusu yake huwa imeshamwagika njiani. Ni mpole kupita kiasi. Siku yangu ya kwanza hapa ndiye aliyeninong'oneza dada yupi wa jikoni ana huruma na sukari, na tangu siku hiyo tukawa chanda na pete.

Mkaguzi alipoiona ile mikono, alikuwa kama amepata kazi mpya. Kijiko kikianza kucheza tu, atauliza nani leo anataka kunyolewa. Tone likianguka mezani, atatangaza kwamba mvua imeanza. Meza nzima ilivunjika mbavu, mchana na jioni, na Kinyozi alicheka pia, kicheko kile cha mtu aliyekanyagwa mguu na bosi wake.

Halafu siku moja Kinyozi hakuja kula. Wala kesho yake. Akasema anajisikia vibaya, apelekewe sahani chumbani. Na hapa kwetu kuna kanuni: mtu asipofika mezani siku kumi na nne mfululizo huhesabiwa kuwa hawezi tena kujilisha, na huhamishiwa jengo la nyuma. Jengo la nyuma si pabaya, lina mapazia mazuri na dada wenye mikono laini. Ila nimekaa hapa miaka mitatu na sijaona hata mmoja akirudi kutoka kule na sanduku lake.

Jumatano, siku ya kumi na mbili, nilimwona dada wa usafi akipeleka maboksi matupu chumbani kwa Kinyozi. Nikachukua fimbo yangu na daftari langu, nikaenda ofisini kwa Msimamizi.

Msimamizi ni binti wa umri wa kitinda mimba wangu, ana moyo safi na alikuwa ametoka juzi tu kwenye semina ya kuzuia unyanyasaji wa wazee. Alirudi na bango kubwa, akalibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Limechorwa kijana ananyoosha kidole na bibi amejikunyata.

"Karibu, mama. Nani amekukosea?" aliuliza kwa sauti ya kuita ng'ombe, maana anaamini sisi wote tuna masikio ya Tarishi.

"Mimi hajanikosea mtu. Anayenyanyaswa ni Kinyozi. Haumwi, anaona haya kula mbele ya watu."

Akafurahi. Sina neno lingine. Alikuwa na fomu mpya za semina na hakuna aliyekuwa amezitumia. Akachomoa moja, akafungua kalamu.

"Aliyemnyanyasa ni mtoto wake?"

"Hana mtoto."

"Mkwe?"

"Binti yangu, asiye na mtoto mkwe atamtoa wapi?"

"Mjukuu?" Akakumbuka mwenyewe, akashuka mstari wa chini. "Basi ni mtumishi wetu?"

"Ni mzee wa mezani kwetu. Ni Mkaguzi."

Akaigeuza fomu, akaangalia nyuma, akarudi mbele. "Mzee hayumo."

"Kwenye fomu hayumo, mezani yumo."

"Lakini mama, wazee ndio tunaowalinda. Sasa tena tuwalinde na wazee?"

"Mtatulinda mara mbili. Mshahara ni ule ule."

Akaweka kalamu chini, akaanza kunibembeleza. Labda ni utani tu, wazee hupenda kutaniana, na yeye hawezi kumwita mzee wa watu kwa maneno matupu. Nilikuwa na ushahidi?

Miaka mitatu nilikuwa nangoja mtu aniulize swali hilo. Nikaweka daftari mezani kwake, nikalipiga na kiganja.

Kikao kiliitwa Alhamisi baada ya chai ya asubuhi, kwenye meza yenyewe ya dirishani. Msimamizi alikaa upande wa mlangoni na fomu yake. Kinyozi aliletwa kwa kubembelezwa, akakaa mbali kidogo, amevaa koti kama mtu wa safari, mikono ameificha mifukoni. Mkaguzi alikuja amechana nywele.

"Tulikuwa tunataniana," alisema kabla hajaulizwa. "Watu wazima tumekula chumvi nyingi, tunataniana. Kinyozi mwenyewe alikuwa anacheka. Au vipi, Kinyozi?"

"Anacheka," alisema Mama Pacha.

Nikavaa miwani, nikafungua daftari, nikaanza kusoma kama nilivyofundishwa: sauti moja, haipandi wala haishuki.

"Jumatatu, chakula cha mchana. Mkaguzi: Nani anataka kunyolewa leo? Mama Pacha: Leo. Kicheko. Mkaguzi: Msimkaribie, atawaacha bila pua. Mama Pacha: Pua. Kicheko. Jumatatu, chakula cha jioni. Mkaguzi: Nani anataka kunyolewa leo? Mama Pacha: Leo. Kicheko."

Utani ukisomwa hivyo hukauka vibaya. Kufika Jumatano Mkaguzi alikuwa ameanza kujikuna shingo, maana aligundua jambo ambalo mimi nililijua zamani: kwamba ana vichekesho vinne tu, na anavizungusha. Mama Pacha alikuwa akichezea ukingo wa kitambaa cha meza. Msimamizi alikuwa ameacha kuandika.

Tarishi alimvuta Mama Pacha mkono. "Anasoma nini huyu?"

Mama Pacha akamsogelea sikio, akamweleza yote kwa kelele, ikabidi yeye mwenyewe ayatamke tangu mwanzo, na safari hii si neno la mwisho tu. Tarishi akasikiliza mdomo wazi.

"Kumbe ndiyo hayo tuliyokuwa tunacheka?" aliuliza. "Miezi yote hii? Mimi nilidhani mnazungumzia mpira."

Sitaficha, nilijisikia raha. Nilikuwa nimekaa wima kama nina miaka thelathini na mitano, na Mkaguzi ananyauka mbele yangu. Nikalamba kidole, nikafungua ukurasa wa mwisho: Ijumaa, chakula cha mchana, siku aliyoondoka Kinyozi mezani.

Hapo inabidi mjue jinsi karani anavyofanya kazi. Maneno yanaingia sikioni na kutokea kwenye penseli, katikati hayapumziki popote. Ukiyafikiria, umekosa sentensi inayofuata. Na karani wa kweli hasomi alichoandika mpaka aombwe. Kwa hiyo ukurasa ule nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza, kama wao.

Na mistari mitatu chini nikajiona.

Mahakamani sikuwahi kuwemo kwenye kumbukumbu hata mara moja. Karani hasemi, kwa hiyo hajiandiki. Lakini mezani nilikuwa nasema, na mkono wangu mjinga, mkono ulioapa, ulikuwa umeniandika kama mtu mwingine yeyote.

Ningeweza kuruka. Nani angejua? Michirizi ile kwao ni nyayo za kuku. Ningesema tu: Ijumaa, Kinyozi anaondoka, mwisho wa kumbukumbu. Mkaguzi angeambiwa aombe radhi, mimi ningekwenda kula nikiwa shujaa. Nilinyanyua macho, nikakutana na macho ya Kinyozi. Hakuwa anamtazama Mkaguzi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ijumaa, chakula cha mchana," nilisoma. Sauti ilitaka kushuka, nikaikatalia. "Mkaguzi: Mvua imeanza, leteni mwavuli. Mama Pacha: Mwavuli. Kicheko. Karani: Mwavuli hautoshi, leteni ndoo. Kicheko kirefu. Kinyozi ananyanyuka, anaondoka. Supu yake imebaki."

Mkaguzi aliacha kujikuna shingo.

"Samahani, Karani," alisema Mkaguzi kwa adabu ambayo sijapata kuiona kwake. "Hapo kwenye ndoo sikusikia vizuri. Hebu rudia."

Nikarudia. Kumbukumbu ikiombwa irudiwe, hurudiwa.

Nikakumbuka yote. Nilikumbuka hata raha yake, jinsi kicheko kilivyokuwa kirefu kuliko vyote vya Mkaguzi siku ile, na jinsi nilivyoinama haraka kukiandika kisije kikanipita. Kinyozi aliponyanyuka nilidhani anakwenda msalani. Siku kumi na tatu nilikuwa nimemkasirikia Mkaguzi kwa niaba yake.

"Nilikuwa nangoja nione kama utaisoma," Kinyozi alisema. Alizungumza taratibu, na koti lake likitikisika kwa sababu ya mikono iliyo mifukoni. "Mkaguzi anasema vile kwa kila mtu. Kesho angemhamia mwingine. Nilikuwa nainama kwenye sahani yangu, najiambia, vumilia, pembeni yako yupo mtu. Halafu mtu mwenyewe akaagiza ndoo."

Nilimwomba radhi. Nilitaka kusema mengi, nimeyasikia mengi mazuri mahakamani kutoka kwa watu walioshikwa, lakini nikaona nitakuwa nayaazima. Nikasema nimekukosea, nisamehe, basi. Mkaguzi naye akaomba radhi kwa namna yake, akitazama dirishani, na Mama Pacha, kwa mara ya kwanza, akasema sentensi nzima yake mwenyewe: alisema alikuwa anaogopa asiporudia, Mkaguzi atahamia kwake.

Msimamizi alivuta fomu. Chini ya mtoto, mkwe, mjukuu na mtumishi akachora kisanduku kwa rula, akaandika pembeni yake "mzee mwenzake", akatia alama. Kisha akakwama.

"Mzee, hapa kuna mstari wa jina la mhusika," alimwambia Kinyozi, na safari hii hakupiga kelele. "Ni mstari mmoja tu. Niandike nani?"

"Acha wazi," Kinyozi alisema. "Andika ninachotaka. Nataka supu yangu kwenye kikombe kikubwa chenye mkono, kisijazwe. Hicho nakiweza. Nilikuwa naona haya kukiomba."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wote uliokuwa unampeleka jengo la nyuma. Kikombe. Msimamizi alitazama bango lake ukutani kupitia mlango wa ofisi uliokuwa wazi, kisha akaenda mwenyewe kumwambia dada wa usafi aondoe yale maboksi.

Mchana Kinyozi alikuja kula. Nilikuwa nimefika mapema, nimemvutia kiti chake pembeni yangu, nimekifuta na kitambaa ingawa hakikuwa na vumbi. Alikuja na fimbo yake, taratibu, akafika penye kile kiti, akanisalimu vizuri kabisa, akapita. Akaenda upande wa pili, akamwomba Tarishi asogee kidogo, akakaa bega kwa bega na Mkaguzi.

Mkaguzi alishtuka. "Mbona hukai kwako, kule kwa Karani?"

"Wewe nimekuzoea," Kinyozi alimjibu.

Kikombe kikaja, nusu. Akakishika kwa mikono miwili, kikatikisika, tone likaruka likatua kwenye mkono wa shati safi la Mkaguzi. Mkaguzi akafungua mdomo. Mama Pacha akamtazama, Tarishi akaweka kiganja nyuma ya sikio ili safari hii asipitwe. Mkaguzi akaufunga mdomo, akakunja mkono wa shati, akaendelea kula. Nadhani ilimuuma, maana lilikuwa tone zuri.

Mimi nilikula peke yangu upande wangu wa meza. Daftari nililiacha chumbani. Kinyozi alikunywa supu yote, akala na mkate, hakubakiza kitu, na sikumsemesha, lakini kila alipokinyanyua kile kikombe nilishusha kijiko changu nikangoja kwanza kifike.