Nsimire Hakuombwa Ruhusa

Siku Rosette alipotetea kitabu chake, tasnifu ya masta ya haki za binadamu, watu wake wote walivaa kitenge kimoja, cha kijani chenye ndege weupe, kilichoshonwa kwa fundi wa Buyenzi nyuma ya duka la spea. Ndivyo inavyofanywa Bujumbura. Mtoto hapelekwi mbele ya maprofesa peke yake kama yatima; watu wake wanajaza viti, na maneno yakiisha wanakula na kunywa. Mama yake, Nsimire, aliamka mapema kukaanga sambusa pamoja na jirani yake Raihana, halafu akaoga na kuoga tena ili harufu ya ndagala, zile dagaa anazouza, imtoke mikononi. Haikumtoka. Harufu ile haiogopi sabuni.

Katikati ya safu ya kwanza alikaa Koko Mawazo, nyanya yake Rosette na mama mkwe wa Nsimire, mkongwe mwembamba mwenye rozari mkononi. Tangu walipokimbia vita Uvira, Kongo, Koko hakukubali kwamba mtoto wake wa mwisho, Destin, amekufa. Nsimire alimwambia walipotezana barabarani katika msongamano wa watu, na Koko akakaa na neno hilo miaka yote. Kila aliyevuka mpaka kutoka Kongo aliulizwa: hukumwona kijana mrefu, fundi wa nguo, mwenye kovu kwenye nyusi? Hata mume wa Nsimire, kaka yake Destin, alizikwa akiamini hivyohivyo.

Ukweli Nsimire aliutoa mara moja tu, kwa Rosette, mchana mmoja wa mvua walipokuwa wanachagua ndagala na kutoa mchanga. Mtoto aliuliza habari za Destin kama mtoto anavyomuuliza mama, na mama akajibu, macho yake kwenye ungo. Hakujua kwamba anatoa ushahidi.

Ukumbini mambo yote yalikwenda kwa Kifaransa. Rosette, ndani ya suti nyeusi ya kuazima, alieleza haki za wanawake waliokimbia vita: wasikilizwe, waheshimiwe, siri zao zilindwe. Nsimire alishika neno hapa na pale, akaridhika. Maprofesa wakatoka, wakarudi, wakatangaza alama kubwa. Raihana akapiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Ingeishia hapo ingekuwa heri. Lakini Rosette alilelewa vizuri. Akaomba dakika chache, akasema nyanya yake hakusoma Kifaransa, na si heshima mkubwa aondoke bila kuelewa alichokuja kusikia. Watu wakampigia makofi. Basi akaanza kueleza kwa Kiswahili, taratibu, akimtazama Koko kwa upendo, mpaka akafika sura ya tatu.

"Kulikuwa mama mumoja, tumuite Mama Furaha. Alikuwa na mutoto mugongoni. Kwa bariyeri, pale walifunga barabara, wanaume wenye bunduki walikuwa wanatoa vijana. Shemeji yake alikuwa naye, amebeba kichwa cha mashine ya kushona kwa bega. Wakamuuliza yule mama: huyu ni mutu wako? Akasema: apana, simujui. Wakamupeleka nyuma ya lori, na mama akasikia risasi."

Mkono wa Koko uliacha kuhesabu rozari.

Nsimire alisubiri yaliyobaki. Maana Destin alijibu. Alimtazama shemeji yake, akamtazama mtoto mgongoni, akawaambia wale wanaume: "Ni kweli, hatujuane. Mumuache mama apite." Neno hilo ndilo lililompa Nsimire nguvu ya kuamka kila asubuhi na kwenda kuuza. Alisubiri alisikie. Rosette akafunua ukurasa, akaingia kwenye haki za wajane.

Koko hakulia. Aliinuka, akaenda mbele, akakishika kichwa cha mjukuu wake kwa mikono miwili na kumshukuru. Halafu akasema anataka kurudi nyumbani. Sambusa zikarudi kwenye ndoo zao.

Nyumbani akavua kitenge kipya, akajifunga cha zamani, akaomba mkeka utandikwe sebuleni. Majirani walipoanza kufika, zile kreti za Fanta na bia zilizonunuliwa kwa ajili ya sherehe ndizo zilizofunguliwa matangani. Wenye msiba hukaa mkekani, na watu hupita wakiinama na kuwapa pole. Nsimire alipotaka kukaa, Koko alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi:

"Huyu asikae hapa. Alisema hamujui Destin."

Nsimire akaenda uani kupika maharage. Rosette akamfuata, viatu vya kisigino mkononi.

"Mama, jina nililibadilisha."

"Ee, jina. Na mashine ya Destin, uliibadilisha?"

Rosette akaweka viatu chini.

"Wale wamama wengine wa Kamenge uliowaandika mu kitabu, uliwaomba ruhusa?"

Rosette akasema aliwaomba wote. Kila mmoja alimsomea kwanza aliyoyaandika, na aliyekataa alimtoa.

"Na mi?"

"We ni mama yangu."

Alilisema kama sababu inayotosha. Nsimire akakoroga chungu, akaonja, akaongeza maji.

"Na neno la Destin, mbona haukulisoma?"

Rosette akaeleza, macho chini, kwamba profesa wake ndiye aliyesema lile neno likatwe. Lilikuwa linapunguza uzito wa ushahidi. Msomaji angeanza kumfikiria yule mwanaume, na kitabu kilikuwa cha wanawake.

Nsimire akacheka kwa pua. Rosette akaanza kulia, akasema anaingia sasa hivi kumwambia Koko yote, mbele ya watu. Mama yake hakumzuia. Alisimama karibu na dirisha, mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile akawa na matumaini.

Alimsikia mtoto akisema yote vizuri, bila kuruka: jinsi Destin alivyotazama, alivyojibu, alivyoomba mama aachwe apite. Koko naye alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Hiyo iko mu kitabu?"

"Apana, Koko. Ilitolewa. Lakini ni kweli."

"Maprofesa waliisoma?"

"Profesa wangu aliisoma. Yeye ndiye aliitoa."

"Basi naye aliona si ya kweli," Koko akasema, bila hasira. "Ni mama yako amekutuma. Kaa hapa karibu yangu, mutoto wangu. We ndiye uliniambia mutoto wangu alikufa."

Rosette akakaa mkekani. Watu wakaanza kupita, wakiinama, wakimpa pole yeye na nyanya yake.

Nsimire akarudi kwenye chungu. Maharage yalikuwa yameiva, wageni walikuwa wengi, akaanza kupakua.