Miwani ya Kumposea Otto

Kwa miaka miwili watu wa Mfaranyaki walimsema Lidwina kwamba ana maringo. Alikuwa akipishana nao njiani mchana kweupe bila kusalimia, na Songea mtu anaweza kukusamehe wizi wa kuku, lakini si kunyimwa salamu. Kumbe maskini hakuwa na maringo hata chembe. Alikuwa haoni. Mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara, kwake alikuwa kanga tu inayotembea. Siku moja alimwinamia mlinzi wa parokia akamwambia, "Tumsifu Yesu Kristu, Padre," na yule mlinzi, kwa kuwa heshima haikataliwi, akaitikia "Milele amina" na baraka akampa.

Hayo yote aliyachekea. Lililomtoa jasho ni posa ya Otto. Otto alikuwa mtoto yatima wa marehemu kaka yake, na Lidwina ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa alikuwa fundi umeme mwenye ndevu, na alimpenda Hilda, binti wa kina Nyoni wa Ruhuwiko. Kina Nyoni ni watu wa utani. Kwao mahari haizungumzwi mpaka upande wa mume umtambue binti kati ya wasichana waliofunikwa gubigubi, na anayetambua ni mama wa kijana au aliyesimama mahali pake. Akikosea, wageni hurudishwa kwao huku wakichekwa, waje siku nyingine na mtu mwenye macho.

Mzee Fulgence, mshenga wao, alishauri kwa upole kwamba kazi hiyo apewe mke wake, Suzana, anayemwona mwewe kabla vifaranga hawajamwona. Lidwina aliingia ndani akalia, maana alijua kitakachofuata. Akipisha kwenye posa, kwenye harusi atakaa viti vya nyuma kama jirani, na mtoto ni wake. Alipomaliza kulia akajifunga kanga vizuri, akaenda mjini kwa mtaalamu wa macho.

Mtaalamu alikuwa binti wa Tunduru aitwaye Zuhra. Alimwamkia shikamoo, akamvika fremu nzito ya chuma, akawa anachomeka kioo hiki na kuchomoa kile, akiuliza kipi ni bora. Lidwina alijibu kwa woga kama yuko kwenye mtihani, hadi Zuhra akamwambia kwamba hapa hakuna kufeli, aseme tu anachokiona. Kioo baada ya kioo, herufi za ukutani zikaacha kucheza, zikasimama.

Ikabaki kuchagua lenzi. Zuhra aliuliza kwanza anatumiaje macho yake. Lidwina akaeleza kwamba ana shamba la mahindi na maharage Mshangano, na kwamba kuchambua mchele au kutia uzi kwenye sindano hakumpi shida. Basi, akasema Zuhra, zile lenzi zenye mstari, juu ya mbali na chini ya karibu, asizihangaikie; ya karibu anaona mwenyewe. Zinamtosha nyeupe za kuonea mbali. Lakini Lidwina alikwishaiona aina ya tatu, ile inayogeuka nyeusi ikipigwa na jua, na moyo wake ukaangukia hapo hapo. Jua la Mshangano lilikuwa likimuumiza miaka yote.

Zuhra hakumficha. "Hizi ukiingia ndani hazirudi nyeupe papo hapo, mama. Na baridi kama hii ya Juni inazifanya ziwe nyeusi zaidi, na zichelewe zaidi."

Lidwina akaitikia ndiyo, ndiyo. Alikuwa anatazama dirishani kwa vile vioo vya majaribio, na alikuwa ameona kwamba mlima Matogoro una miti. Si kijani tu, miti, mmoja mmoja. Mtu aliyeona hivyo humwambii habari za baridi.

Siku alipochukua miwani yake alirudi nyumbani akisalimia kila mtu, hata wasiomjua. Alipofika ndani akaona utando wa buibui ulivyojaa darini, akaona aibu, akashinda akifagia.

Siku ya posa baridi iliuma na jua liliwaka. Kina Nyoni waliwasimamisha wageni langoni muda mrefu, wakijifanya hawawajui, maana ndiyo desturi. Lenzi zikapata jua la kutosha. Walipokaribishwa, Lidwina aliingia sebuleni na vioo vyeusi tii, akapapasa, nusura amkalie bibi mmoja mapajani.

Mzee Hironimus, baba mdogo wa Hilda na msemaji wa nyumba, akakohoa. Akasema amewahi kupokea wakwe waliokuja wamelewa na wakwe waliochelewa, lakini wa kuja na miwani ya jua kama wanakwenda disko, huyu shangazi ndiye wa kwanza. Je, kuna jambo wanalolificha?

Lidwina aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miwani nyeusi mbele ya wakwe ni tusi, na yeye alilijua hilo tangu utotoni. Maneno ya Zuhra yakamrudia yote, sasa ambapo hayamsaidii. Aliivua haraka, akaomba radhi, akaificha kifuani chini ya kanga na sweta. Watu wote mbele yake wakageuka uji.

Fulgence alimwona anavyopepesa macho, na hapo ndipo alipoonyesha kwa nini yeye ni mshenga. Alianza kuzungumza. Aliwasalimu wazee ukoo kwa ukoo, akauliza mvua, akauliza mahindi, akasifu togwa aliyokuwa bado hajaionja. Aliendelea hata Hironimus mwenyewe akacheka. Na muda wote huo lenzi zilikuwa kifuani kwa Lidwina zikipata joto kama mayai chini ya kuku.

Wakaletwa wasichana watatu, wamefunikwa kanga za aina moja, huku wanawake wakipiga vigelegele. Lidwina akavaa miwani. Ilikuwa safi kama maji. Akaona kanga tatu, basi. Lenzi nzuri ni nzuri, lakini haipenyi nguo. Akatazama miguu, yote ilikuwa na soksi, kina Nyoni walikwishaliwaza hilo. Vicheko vikaanza pembeni. Fulgence akakohoa kumhimiza achague yeyote.

Akainua macho ili apate pumzi. Ng'ambo ya chumba, karibu na mlango wa uani, alikuwa amekaa Otto, aliyeruhusiwa kuja kwa sharti la kutofungua mdomo. Kwa miaka hiyo yote uso wa Otto kwa umbali kama ule ulikuwa doa. Sasa aliuona wote. Nyumba nzima ilikuwa inawatazama wale watatu, ila yeye. Yeye alitupa jicho uani, akalirudisha, akalitupa tena, na pembe za mdomo zilimtetemeka kwa tabasamu alilolizuia. Kaka yake Lidwina alikuwa na uso huo huo siku alipomleta mama yake Otto nyumbani. Lidwina alifurahi hadi kifua kikauma.

Akafuata lile jicho. Uani, kwenye moshi, kati ya wapishi, kulikuwa na msichana aliyejifunga kitambaa chakavu, akisonga ugali kwa bidii iliyozidi kiasi.

Lidwina akasimama. Akawapita wale watatu, akatoka, vigelegele vikakatika. Akamshika yule msichana mkono, naye akacheka huku ana jivu puani. Alikuwa Hilda.

Waliporudi ndani vioo vilikuwa vimeanza tena kuwa vyeusi, na safari hii hakuna aliyelalamika. Hironimus aliuliza nani amewasaliti.

"Hakuna," akasema Lidwina. "Nimemtazama mwanangu."

Mzee akatikisa kichwa, akacheka, akavuta kiti cha mbele, kilichokuwa wazi tangu asubuhi.

"Mama Otto," akasema, "karibu ukae."

Akakaa. Lenzi ziliporudi kuwa nyeupe, mahari ilikuwa inazungumzwa na wazee wakibishana, naye hakusikia hata neno. Alikuwa anamtazama Otto kutoka ng'ambo ile ya chumba, bila haja ya kumsogelea.