Njia ya Mgonjwa

Kazi yangu ni kuchora shughuli kabla hazijafanyika. Mtu akitaka kufunga mtaa kwa harusi, au uwanja wa jiji kwa mkutano, kitengo cha vibali hunituma mimi na chaki. Nachora jukwaa, viti na pa kukimbilia moto ukizuka. Nikimaliza nasimama kwenye lami tupu na kuwaona watu ambao hawajaja bado: bibi harusi anakanyaga gauni lake, mjomba fulani anarudia sahani ya tatu. Wenzangu husema nimeguswa kidogo kichwani. Waseme, mdomo ni mali yao.

Siku moja namba iliitwa dirishani, akaja mama yangu mzazi. Asubuhi tulikunywa chai pamoja na hakuninong'oneza hata neno.

"Mama! Kuna nini nyumbani?"

"Hapa hakuna mama. Mimi mwombaji. Nihudumie kama wengine."

Nikashika kalamu. "Shughuli gani?"

"Kumshusha mume wangu."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi sikucheka. Baba alikuwa fundi viatu, miaka nenda miaka rudi kwenye kona ya jengo letu, akiwajua watu kwa soli zao. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto, na tangu hapo hajateremka kutoka ghorofa ya tatu. Kumbeba tungeweza, lakini yeye alikataa katakata. "Sishushwi kama gunia, watu wanikodolee macho," alikuwa akisema. "Siku kukiwa na shughuli nitashuka, niwe mgeni kama wageni wengine." Na daktari alikwisha kumwambia mama kwamba akitaka jambo lolote, tusimcheleweshee.

"Mtaa ufungwe alasiri moja tu," mama alisema. "Muziki upigwe, majirani wacheze."

Alfajiri ya Jumapili nikaenda kuupima mtaa nilimozaliwa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, na nyumba zilionekana kama hazijaamua kuamka. Kanuni inataka njia ya gari la wagonjwa ibaki wazi katikati, mita nne, na mtaa wetu ni mwembamba. Nilipoichora, kila upande ulibaki ukanda wa kuweka kiti na magoti, basi. Nikafuta, nikachora tena. Kwa mara ya kwanza nilisimama juu ya chaki yangu nisimwone mtu yeyote, na nikaogopa.

Mkuu wangu tunamwita Kifungu, maana hata ukimsalimia anajibu kwa kanuni. Akautazama mchoro.

"Haupiti. Hakuna pa kuchezea. Ndani ya njia haruhusiwi mtu, isipokuwa mgonjwa na mhudumu wake mmoja."

Nilijua. Nikageuka niondoke. Mkono ukiwa kwenye kitasa, nikasimama.

"Bosi, mgonjwa tunaye."

Akaurudia mchoro, akaifuata njia kwa kidole. "Na mhudumu?"

"Mmoja."

"Asizidi mmoja," alisema, akagonga muhuri. "Nitakuja kuhakikisha mwenyewe."

Alasiri ile tuliweka vizuizi, magari yakatoweka, na ukimya ukaingia mtaani taratibu. Majirani wanne wakamshusha baba kwenye kiti chake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili, wakamweka katikati ya njia na kurudi nyuma ya mstari. Watu wote walikuwa pembezoni, wakicheza palepale waliposimama, kwa mabega tu. Katikati, barabara nzima ilikuwa ya baba. Mpiga gitaa alipiga polepole, na mwanga wa jua ulikuwa wa rangi ya asali, kiasi kwamba nilijifinya nione kama nimelala.

Baba alianza na miguu ya watu. "Wewe, kisigino hicho kinakwenda upande!" alimwambia muuza maziwa, na mtaa ukaangua kicheko.

Mama akaingia wa kwanza. Akaushika mkono wa kulia wa baba, ule mzima, akakizunguka kiti akicheza kwa madaha ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Alipotoka, akaingia muuza maziwa, kisha jirani wa juu, kisha mwingine, mhudumu mmoja mmoja. Kifungu alisimama ukingoni na kuhakikisha, lakini mguu wake ulikuwa ukipigapiga chini.

Mimi nilikuwa kwenye kizuizi na fulana yangu ya kazi. Muda ulipokwisha, Kifungu akaniangalia; kusimamisha muziki ni kazi yangu. Nikamfuata mpiga gitaa.

"Wewe!" baba aliita. "Wote wamenihudumia isipokuwa mwanangu?"

"Niko kazini, baba."

"Njoo."

Nikauvuka mstari. Akautazama mtaa, chaki, vizuizi, watu waliojipanga.

"Kumbe kazi yako ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani unashinda ofisini unagonga mihuri." Akatikisa kichwa. "Unawapa watu barabara."

Hakuwahi kuiona kazi yangu. Nililia mbele ya mtaa mzima, na sikuona haya. Halafu nikainua mkono kumpa mpiga gitaa ishara asimame, maana kibali ni kibali. Baba akaudaka mkono huo hewani, akaushusha magotini pake.

"Bado," alisema.

Sikubishana naye.