Maswali Arobaini na Nane

Inawezekanaje watu wanne wenye akili timamu wakariri kosa moja, neno kwa neno, asitokee hata mmoja wa kuuliza?

Kwetu mhadhiri hutoa orodha ya maswali arobaini na nane, na siku ya mtihani kila mwanafunzi huvuta karatasi moja mezani na kulijibu swali lake kwa mdomo. Sisi wanne tulikuwa tumegawana orodha hiyo: kila mmoja aliandika majibu kumi na mawili, na wengine wakayanakili. Aliyetutia wasiwasi ni Spas. Alikwisha kuanguka mara mbili katika Jiografia. Akianguka tena Jumatatu, atafukuzwa chuo.

Asubuhi ya Jumatano tulijipima katika jiko la bweni. Spas akavuta namba kumi na tisa, mto unapopinda. Jibu lake nililiandika mimi.

“Maji hula ukingo wa ndani wa kona,” akasema bila kusita, “na huacha mchanga ukingo wa nje.”

“Safi sana, profesa!” Kaloyan akashangilia, mdomo umemjaa banitsa, mkate wa jibini.

Radost hakushangilia. “Ila shamba la babu yangu liko ukingo wa nje, kando ya mto Struma. Kila mwaka mto unalimega. Miti ya plamu imebaki mitatu tu.”

Nilifungua kitabu. Nilikuwa nimezigeuza kingo: ya nje nimeiita ya ndani. Uso ukaniwaka.

“Umelijua hilo tangu lini?” nikamwuliza.

“Tangu utotoni.”

“Na bado ukakariri nilivyoandika?”

“Neda, wewe ndiye mwenye alama za juu. Nikasema labda mito ya vitabuni ina tabia zake.”

Kaloyan akacheka hadi akapaliwa. Spas hakucheka. “Yaani ningekwenda nalo hilohilo Jumatatu,” akasema taratibu.

Nilizitazama daftari zetu nne, zenye maneno yaleyale. Kazi ya kuandika tuligawana. Kazi ya kuuliza hatukumpa mtu.

“Basi sahihisha tuendelee, dada,” Spas akanihimiza. “Zimebaki siku tano.”

“Hili limeonekana kwa sababu babu yake Radost ana shamba. Mengine je?”

Nikazifunga daftari zote nne.

“Sitawapa tena majibu yaliyoandikwa,” nikawaambia. “Kuanzia leo kila mmoja ataeleza swali la mwenzake kwa maneno yake, nasi tutamkatiza kwa maswali mpaka tuelewe. Tunaanza na Spas.”