Miguu Ndani ya Tangi la Kadi

Asubuhi Mzee Dekio alianza kwa kufuta kingo za matangi kwa kitambaa kikavu, maana vumbi likiingia mle ndani wakubwa hupiga kelele kama waliofiwa. Alipofiwa yeye, hawakukohoa.

Ndani ya matangi zilisimama kadi za michoro, zimepangwa wima kama sahani kabatini. Ni kadi za kompyuta za daraja la juu, zinazochora picha za sinema na kufanya hesabu ambazo hakuna aliyemweleza ni za nini. Zikifanya kazi huchemka kama sufuria. Mwanzoni zilipozwa kwa feni, zikavuma kama mashine ya kusaga, na bado zikaungua. Ndipo yakaja matangi haya ya teknolojia mpya: kadi inazamishwa nzima katika maji ambayo si maji, hayaharibu umeme wala hayalowanishi. Ukichovya mkono, unautoa mkavu, umebaki na ubaridi tu. Maji hubeba joto, mtambo hulitoa nje kwa bomba, nayo hurudi yamepoa.

Hiyo nje ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, ambako wanawake walipiga pasi mashati ya kiwanda. Zamani ukumbi ulikuwa mmoja. Mke wa Mzee Dekio alipiga pasi humo, chini ya bati lilelile, mpaka siku aliyoanguka pasi ikiwa mkononi. Walikuwa wameomba feni wakachoka kuomba. Bosi aliwajibu kuwa joto ni mazoea.

Mkewe alirudi wiki ile matangi yalipowashwa. Alikuja saa sita mchana, bati lilipoanza kulia, amevaa aproni yake ya kazi. Akavua kandambili, akaziweka sambamba, akakaa kwenye ukingo wa tangi la mwisho na kutumbukiza miguu.

"Umekula?" alimuuliza mumewe.

"Nimekula. Bado una joto?"

"Linatoka, baba watoto. Pole pole."

Mzee Dekio aliendelea kufuta, akapaacha pale alipokaa mkewe.

Shida ikawa tangi. Kila mchana nyuzi joto zilipanda, kadi zikapunguza kasi zenyewe, na wateja wakaanza kulalamika. Fundi, binti wa miwani, alikagua bomba, akakagua pampu, mwisho akamsogelea yule mama.

"Shikamoo mama. Ni wewe unayetupandishia joto?"

"Marahaba mwanangu. Ni mimi. Niliondoka nalo kazini."

Fundi akamwita bosi. Mzee Dekio alilishika dekio lake kwa mikono miwili. Wakimfukuza hapa, aliwaza, atakwenda kupoa wapi? Kaburini alishasema hakupitishi upepo.

Bosi alimtazama yule mama, akamtambua. "Huyu si aliacha kazi?"

"Alifariki, bosi," alisema Mzee Dekio.

"Ndiyo hivyo, aliacha." Akamgeukia fundi. "Atolewe."

"Hatoleki." Fundi alimwonyesha kiganja chenye lengelenge. "Nimemshika mkono tu. Labda tufunge mtambo mkubwa zaidi wa kupoza."

"Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili ya kadi, bosi."

"Aa, kadi." Bosi akakubali palepale.

Mtambo ukafungwa. Tangi lilipoa, yule mama akafumba macho, mabega yakashuka, na uso ukamrudia ule wa siku za uchumba. Mzee Dekio, ambaye tangu msibani hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye tai, alishukuru. Hakumshukuru bosi, hakuwa amefika huko. Alizishukuru kadi, tangi kwa tangi, kitambaa kikipita: ahsanteni, ahsanteni sana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja na mwenyeji amepona, ila amepona akiwa ameshakufa.

"Zinakusikia?" mkewe alicheka.

"Hata zisiposikia. Bosi ana masikio, yalitusaidia nini?"

Alipotoka kumwaga maji ya kudekia alipitia upande wa pili. Bomba jipya, nene kama paja, lilikuwa linapuliza juu ya meza za wapiga pasi. Feni haikuwapo. Yule aliyerithi meza ya mkewe alijifuta shingo.

"Shemeji, mama amefika leo?"

"Amefika. Mmejuaje?"

"Tumelisikia joto lake. Lilelile." Akageuza shati, akaanza kola. "Lakini amepoa?"

"Amepoa, namshukuru Mungu."

"Afadhali. Mwambie atuwekee nafasi."

Mzee Dekio akarudi, akafikisha salamu kama zilivyo. Mkewe aliinua aproni kidogo, akajisogeza mpaka pembeni kabisa mwa tangi, na Mzee Dekio akapafuta pale palipobaki wazi, pawe safi.